Kwa kura au kwa riyali? Ennahda, Qatar na uchaguzi wa Tunisia baada ya mapinduzi

Kila jina la Rached Ghannouchi linapotajwa kwenye habari, yule mzee wa Tunisia kiongozi wa Ennahda, chama cha siasa za Kiislamu, ambaye yuko jela toka Aprili 2023, maneno yanaanza yaleyale. Mmoja anasema hao walinunuliwa na Qatar, mwingine anasema hapana, walishinda kihalali afu wakahujumiwa na Falme za Kiarabu na Ufaransa, wa tatu anaichanganya Tunisia na Misri na Libya kama vile ni nchi moja, na mpaka birika la kahawa linakauka hamna aliyetoka na kitu. Majuzi barazani mzee mmoja tunayemheshimu sana alinigeukia akaniuliza, "Sasa mjukuu wangu, wewe unayesomasoma, hao watu walishinda kwa kura au kwa riyali?"

Nilimjibu kwa ufupi, nikaona bora niliandike vizuri maana swali lenyewe ni zuri. Jibu langu ni hili: uchaguzi wa 2011 walishinda kwa kura. Riyali za Qatar zilikuwepo, na dirhamu za Falme za Kiarabu zilikuwepo, na yuro za Ulaya pia, ila uzito wake mkubwa haukuwa kabla ya watu kupiga kura kama wengi tunavyodhani, ulikuwa baada ya kura kuhesabiwa. Hapo ndo tunapochanganya mambo.

Kwanza tukubaliane maneno, maana nusu ya ubishi wetu unatoka kwenye maneno tu.

Neno mapinduzi sisi Waswahili tunalibebesha mizigo miwili. Wananchi wakiingia barabarani wakamng'oa mtawala tunasema mapinduzi, na mkuu wa jeshi akiamka usiku akamfungia rais ndani tunasema mapinduzi vilevile. Tunisia Januari 2011 ni ile ya kwanza, mapinduzi ya umma. Misri ilianza na ya kwanza Februari 2011 pale Mubarak alipoondoka, ikapigwa na ya pili tarehe 3 Julai 2013 pale jeshi lilipomtoa Rais Morsi wa Udugu wa Kiislamu. Mtu akikwambia "baada ya mapinduzi" muulize yapi, maana kuna watu wanabishana saa nzima kila mmoja akiwa na tarehe yake kichwani.

Neno la pili ni chama cha Kiislamu. Tunisia karibu watu wote ni Waislamu, kwa hiyo chama chochote kule, hata kile cha wakomunisti, ni chama cha Waislamu kwa maana ya dini za wanachama wake. Tunachozungumzia hapa ni chama cha siasa za Kiislamu, yaani chama kinachosema dira yetu ya kuendesha nchi tunaitoa kwenye Uislamu. Na ndani ya hao kuna tofauti kubwa. Ennahda wanaamini uchaguzi, wanagombea, wakishindwa wanatoka. Ansar al-Sharia, ambao serikali ya Tunisia iliyoongozwa na hao hao Ennahda iliwatangaza kuwa magaidi Agosti 2013, walikuwa wanaona uchaguzi wenyewe ni makosa. Ukiwatia wote kapu moja ukawaita "wenye siasa kali" umeshapotea kabla hujaanza safari. Kwetu hili linatusumbua zaidi kwa sababu hatuna mazoea nalo, Kenya chama cha Islamic Party of Kenya kilinyimwa usajili pale 1992 na Katiba ya 2010 inakataza chama kujengwa juu ya dini, Tanzania nako sheria ya vyama inakataza hivyohivyo, kwa hiyo tukisikia chama cha dini kinagombea tunahisi lazima kuna jambo la haramu linaendelea.

La tatu ndilo gumu, ushawishi wa nje. Hili naomba nilieleze kwa mchango wa harusi, maana hakuna asiyejua mchango wa harusi.

Kijana anaoa. Mjomba wake aliye Muscat anatuma pesa za mchele na nyama. Jirani hana pesa ila ana gari, analitoa libebe maharusi. Mwingine hana gari wala pesa lakini ana mdomo, anapita mtaa mzima anasifia harusi hii kuwa haijapata kutokea. Kuna mama mmoja fundi wa mapishi, anakuja kuwafundisha mabinti kupanga chakula. Wote hao wamesaidia, ila hakuna hata mmoja aliyemfanya bibi harusi akubali, yeye alishakubali kwa sababu zake. Sasa harusi imeisha, maturubai yamefungwa, vijana wako chumba kimoja hawana kitanda, kodi ya miezi sita inadaiwa, anatokea tajiri mmoja anasema mimi nitalipa kodi, msiwe na wasiwasi. Huyu wa mwisho ndiye atakayeamua mnaishi mtaa gani na nani anakuja kuwatembelea.

Kwenye siasa ni vilevile. Pesa taslimu ya kuingiza mfukoni mwa chama ni aina moja. Televisheni inayokusifia ni aina nyingine. Mafunzo ya kampeni ni ya tatu, na hapa watu wengi hawajui kwamba taasisi za Kimarekani na za Kijerumani zilikuwa Tunis 2011 zikiwafundisha vyama kuandaa kampeni. Afu kuna mkopo kwa serikali baada ya uchaguzi, yule tajiri wa kodi. Sheria ya vyama ya Tunisia ya Septemba 2011 ilikataza ile ya kwanza kabisa, chama kisipokee pesa kutoka nje. Zile nyingine ni ngumu kuzikataza, na ile ya mwisho hakuna serikali maskini inayoweza kuikataa.

Sasa tuingie kwenye uchaguzi wenyewe.

Zine El Abidine Ben Ali alikimbilia Saudia tarehe 14 Januari 2011, baada ya miaka 23 ya utawala, wiki nne tu tangu Mohamed Bouazizi, kijana muuza matunda na mboga kwa mkokoteni pale Sidi Bouzid, alipojichoma moto. Tarehe 30 mwezi huohuo Ghannouchi akatua Tunis akitokea London alikokaa uhamishoni miongo miwili. Mwezi Machi chama chake kikasajiliwa kwa mara ya kwanza kisheria. Tarehe 23 Oktoba watu wakapiga kura kuchagua bunge la katiba la viti 217, na Ennahda wakapata viti 89, asilimia 37 ya kura. Waliowafuata, chama cha Moncef Marzouki, walipata viti 29. Kwa hiyo mtu anaangalia anasema, chama kimesajiliwa Machi, Oktoba kimeongoza kwa mbali namna hii, haiwezekani, lazima kuna mtu nyuma.

Lakini chama hakikuzaliwa Machi. Kilianza 1981 kwa jina jingine, kikabadili jina 1989, na mwaka huo wagombea wake waliingia uchaguzini kama watu binafsi wakapata, kwa hesabu za serikali yenyewe ya Ben Ali, kama asilimia 14 hivi za kura na viti sifuri. Baada ya hapo ndo ikaja kamata kamata. Hamadi Jebali ambaye alikuja kuwa waziri mkuu Desemba 2011 alikaa gerezani zaidi ya miaka 15, na mingi kati ya hiyo alikuwa amefungiwa peke yake chumbani. Ali Laarayedh aliyemfuata hadithi yake ni hiyohiyo, na fikiria, huyu aliteswa na wizara ya mambo ya ndani afu baada ya mapinduzi akawa waziri wa mambo ya ndani, akaingia jengo lilelile. Maelfu ya familia walikuwa na baba au kaka aliyepita jela kwa ajili ya chama hiki. Wake zao walizuiwa kuvaa hijabu maofisini na mashuleni kwa waraka namba 108 wa 1981. Ukienda kijiji cha ndani kabisa huko kusini ukauliza nani alimpinga Ben Ali mpaka akaumia, jina linalotajwa ni la mtoto wa jirani wa Ennahda. Hiyo ni hazina ambayo hakuna amiri wa Qatar anayeweza kuitia kwenye bahasha.

Halafu tazama wapinzani wao. Mapinduzi yalipofungua mlango, vyama zaidi ya 100 vilisajiliwa, na siku ya uchaguzi kulikuwa na orodha za wagombea zaidi ya 1,500 nchi nzima. Mpiga kura anaingia kwenye kibanda, kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kimeshachovywa wino, anakunjua karatasi refu kama shuka lenye safu za majina na alama ndogondogo, huyu ana mti, yule ana ufunguo, mwingine nyumba, na kwa mtu ambaye maisha yake yote aliona chama kimoja tu kinashinda, ile njiwa ya bluu ya Ennahda ilikuwa moja ya alama chache alizowahi kuziona kabla. Wale wa mrengo wa kushoto na wa kisekula waligawanyika vipande vipande, kura zaidi ya milioni moja zikaenda kwa orodha ambazo hazikupata hata kiti. Hilo walijifanyia wenyewe, hamna mtu wa Doha, mji mkuu wa Qatar, aliyewaambia mgawanyike.

Hapa nitakaa kidogo kwenye hesabu kwa sababu kuna kitu wengi hawakijui. Kwetu Kenya na Tanzania aliyeongoza jimbo anachukua jimbo, hata akiwa na asilimia 30 na wengine wamegawana 70. Tunisia walichagua mfumo wa uwiano. Chukua jimbo la viti 10 lenye kura 100,000. Kiti kimoja kinagharimu kura 10,000. Chama kilichopata 37,000 kinanunua viti vitatu, kinabaki na kura 7,000 mkononi. Chama kilichopata 8,000 hakijafikisha bei ya kiti hata kimoja, ila viti vilivyobaki vinagawiwa kwa kuangalia nani ana mabaki makubwa, kwa hiyo huyu wa 8,000 anapata kiti kizima. Mfumo huu unawabana wakubwa na kuwabeba wadogo. Ennahda walikuwa wa kwanza karibu kila jimbo, na wataalamu waliopiga hesabu wanasema kwa mfumo kama wetu wangeweza kuchukua karibu viti tisa kati ya kumi. Na chama hiki kiliukubali mfumo huu kabla ya uchaguzi, kikijua kitabanwa. Mtu aliyenunua uchaguzi hakubali bei hiyo.

Kuna ushahidi mwingine ninaoupenda zaidi, unahusu pesa yenyewe. Slim Riahi, mfanyabiashara aliyetajirikia Libya, alirudi akaanzisha chama, akamwaga pesa kwenye kampeni za 2011 mpaka ikawa gumzo la nchi. Akapata kiti kimoja. Nejib Chebbi, mpinzani wa siku nyingi, chama chake kilikuwa na mabango kila kona kikitarajiwa kushika nafasi ya pili, kikaambulia viti 16. Pesa ilikuwepo kwa wengi na haikuleta kura.

Basi Qatar wanaingiaje? Wanaingia, na sio vizuri kuficha. Ghannouchi alikuwa kwenye jumuiya ya wanazuoni iliyoongozwa na Sheikh Yusuf al-Qaradawi, makao yake Doha. Mkwewe, Rafik Abdessalem, alikuwa mtafiti kwenye kituo cha utafiti cha Al Jazeera Doha afu Desemba 2011 akawa waziri wa mambo ya nje wa Tunisia, jambo lililowachoma wengi na mimi naona walikuwa na haki ya kuchomeka, waziri wa mambo ya nje anatakiwa asiwe na deni la urafiki la namna hiyo. Al Jazeera yenyewe, iliyoanzishwa 1996 kwa pesa za Qatar, iliyarusha maandamano ya Sidi Bouzid usiku na mchana wakati televisheni ya taifa inaonyesha mambo mengine. Ila hiyo ilisaidia mapinduzi yote, na waliofaidi walikuwa kila mtu aliyempinga Ben Ali, kuanzia wakomunisti mpaka wanasheria.

Kuhusu ile hadithi ya bahasha nono kutoka kwa amiri kabla ya uchaguzi, gazeti moja kubwa la London liliwahi kuiandika na mwaka 2012 likamwomba Ghannouchi radhi. Kuomba radhi kwa gazeti sio cheti cha utakatifu, ila anayekwambia kiasi kamili cha pesa iliyopokelewa muombe akuonyeshe karatasi.

Na cha ajabu, kisa cha wazi zaidi cha sauti kutoka nje kwenye uchaguzi ule hakikuwa cha Ennahda wala cha Qatar. Kilikuwa cha Hechmi Hamdi, mzaliwa wa Sidi Bouzid mwenye televisheni yake London inayoitwa Al Mustakilla. Huyu bwana hakukanyaga kampeni. Alikaa London akawa anaongea na watu kupitia setilaiti, anawaahidi matibabu bure na posho ya dinari 200 kwa mwezi kwa wasio na kazi, anaongea lafudhi ya kwao, lafudhi ambayo watu wa Tunis wanaicheka. Orodha zake zikapata viti 26, nafasi ya tatu nchi nzima, na Sidi Bouzid, pale mapinduzi yalipoanzia, zikawapita Ennahda. Tume ya uchaguzi ilipofuta baadhi ya orodha zake kwa makosa ya fedha za kampeni, vijana wa Sidi Bouzid waliingia mitaani wakachoma moto mpaka ofisi ya Ennahda. Baadaye mahakama ikamrudishia viti. Kwa hiyo ukiniuliza setilaiti inaweza kuvuna kura, nitasema ndiyo, pale inapoongea na watu ambao hakuna mwingine anayeongea nao.

Libya nako kuna mfano mzuri upande wa pili. Kwenye uchaguzi wa Julai 2012 chama cha al-Watan cha Abdelhakim Belhaj, kamanda aliyejulikana kuwa karibu na Qatar, kilipamba Tripoli kwa mabango ya rangi ya zambarau iliyoiva, watu wakaitazama wakasema hii si rangi ya bendera ya Qatar? Kikatoka bila kiti. Wa Udugu wa Kiislamu walipata viti 17 kati ya 80 vya vyama, wakiachwa na muungano wa Mahmoud Jibril wenye 39. Harufu ya mgeni badala ya kuwavuta wapiga kura iliwafukuza.

Sasa twende kwa yule tajiri wa kodi ya nyumba.

Serikali mpya ya Tunis iliingia ikakuta watalii wamekimbia na kazi hamna. Tarehe 14 Januari 2012, mwaka mmoja tangu Ben Ali akimbie, Amiri Hamad wa Qatar alikuwa mgeni wa heshima Tunis, na mwaka huohuo Qatar ikakopesha dola milioni 500, Uturuki nayo ikaja na mkopo wake. Mwaka 2013 ikaja IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, na mkopo wa zaidi ya dola bilioni 1.7 wenye masharti yake, punguza ruzuku, punguza mishahara ya serikali. Hapa hakuna aliyelazimishwa kumpigia mtu kura, lakini serikali iliyochaguliwa ikaanza kuwasikiliza wasiopiga kura.

Misri hili linaonekana wazi kuliko kokote. Morsi alishinda Juni 2012 kwa asilimia 51.7, akatawala mwaka mmoja akiegemea Qatar iliyoingiza kama dola bilioni 8. Jeshi likamtoa, na ndani ya wiki moja Saudia wakaahidi bilioni 5, Kuwait bilioni 4 na Falme za Kiarabu bilioni 3. Piga hesabu, bilioni 12 kwa wiki moja. Ile pesa haikubadilisha kura hata moja, kura zilishapigwa mwaka mmoja nyuma. Ilibadilisha nani anaweza kulipa mishahara na kununua ngano baada ya kura kutupwa.

Tunisia walinusurika na njia hiyo, na inafaa tujue kwa nini. Mwaka 2013 ulikuwa mbaya, wanasiasa wawili wa mrengo wa kushoto waliuawa kwa risasi, Chokri Belaid tarehe 6 Februari na Mohamed Brahmi tarehe 25 Julai, watu wakakesha nje ya bunge pale Bardo wakitaka serikali ya Ennahda iondoke, na wiki tatu kabla ya kifo cha Brahmi Misri ilikuwa imeshapinduliwa, kila mtu anatazama upande ule. Ghannouchi akakutana na mpinzani wake mkubwa Beji Caid Essebsi Paris mwezi Agosti, mwezi uliofuata Rais Bouteflika wa Algeria akawaita wote wawili, maana jirani hakutaka moto mwingine mpakani kwake. Huo nao ni ushawishi wa nje, tena ulisaidia. Ila kazi nzito ilifanywa na wenyeji, chama cha wafanyakazi UGTT, chama cha waajiri, chama cha haki za binadamu na chama cha mawakili, hao wanne waliopewa Nobel ya Amani 2015. Waliwakalisha mezani, Ennahda wakaachia serikali, na tarehe 26 Januari 2014 katiba ikapita kwa kura 200 dhidi ya 12. Haina sharia ndani yake, Ennahda walishatangaza Machi 2012 kuwa hawataidai. Tunisia walikuwa na UGTT iliyoanza 1946, yenye wanachama kila mkoa, na jeshi dogo lisilozoea siasa. Misri jeshi ndilo lilikuwa kila kitu, kwa hiyo mgeni akitaka kununua alijua duka liko wapi.

Nikifika hapa kuna atakayesema, sawa, lakini hao wapinzani wa Ennahda si walikuwa wazalendo wasio na mtu nje? Hapana ndugu yangu. Ufaransa ya enzi za Ben Ali, waziri wake wa mambo ya nje Michèle Alliot-Marie alisimama bungeni Paris siku tatu kabla Ben Ali hajakimbia akitoa utaalamu wa polisi wa Kifaransa kusaidia kutuliza maandamano, na alijiuzulu Februari baada ya kujulikana kuwa likizo yake Tunisia alipanda ndege ya mfanyabiashara aliye karibu na utawala. Kwa hiyo mkono wa nje haukuletwa na watu wa Ennahda, uliwakuta. Na uchaguzi wa 2014 ambao chama cha Nidaa Tounes cha Essebsi kilishinda viti 86 dhidi ya 69 vya Ennahda, Falme za Kiarabu zilijulikana wazi ziko upande gani. Ennahda walishindwa, wakampigia simu Essebsi kumpongeza, wakaingia naye serikalini, na hilo mimi huwa nalirudia kila mtu anaposema watu hawa wakiingia hawatoki.

Mwaka 2019 ikaja aina mpya kabisa, dalali wa siasa. Nabil Karoui, mwenye televisheni ya Nessma ambayo kampuni ya Berlusconi wa Italia ilikuwa na hisa, aligombea urais. Marekani kuna sheria ya 1938 inayomtaka kila anayefanya kazi ya ushawishi kwa ajili ya mgeni aandikishe mkataba wake hadharani. Katikati ya kampeni ukaonekana mkataba wa dola milioni moja na kampuni moja ya Canada, umeandikishwa Wizara ya Sheria ya Marekani, kazi ikiwa kumtafutia Karoui kukutana na Trump na Putin kabla ya uchaguzi. Yeye akakana kuujua. Akafika raundi ya pili, akagaragazwa na Kais Saied, profesa wa sheria aliyekuwa hana chama wala mabango, kwa asilimia 72. Mkataba wa milioni moja haukumsaidia kitu. Ennahda nao walikuwa na mkataba wao wa madalali wa Kimarekani toka 2014, na Mahakama ya Hesabu ya Tunisia iliuandika mkataba huo kwenye ripoti yake ya Novemba 2020. Hapa siwatetei. Chama kinachosema kimesimama kwa maadili hakikuwa na sababu ya kulipia sifa nje ya nchi, na kilipaswa kuwaeleza wanachama wake pesa ile ilitoka wapi.

Tatizo ni kilichofuata. Tarehe 25 Julai 2021 Saied alilifungia bunge, magari ya jeshi mlangoni, na toka hapo neno "pesa za nje" likawa ufunguo wa kila mlango wa jela. Zamani lilikuwa swali la wananchi kwa viongozi wao, sasa likawa hati ya mashtaka kwa yeyote anayepinga, Mwislamu wa siasa, mkomunisti, mwanahabari, hata mtu wa asasi anayehudumia wahamiaji. Uchaguzi wa bunge wa Desemba 2022, vyama vingi viligoma, walijitokeza watu 11 kati ya kila 100 walioandikishwa. Hakuna mgeni aliyehitaji kununua kura pale, hazikuwepo.

Nchi yenyewe haikuacha kuhitaji kodi ilipwe. Julai 2023 Tunis ilipokea wageni wawili ndani ya wiki moja. Tarehe 16 alikuja mkuu wa Kamisheni ya Ulaya pamoja na mawaziri wakuu wa Italia na Uholanzi, wakasaini na Saied makubaliano ambayo ndani yake kulikuwa na yuro milioni 105 za kuzuia watu wasivuke bahari. Siku nne baadaye Saudia wakasaini msaada na mkopo wa dola milioni 500, kiasi kilekile cha Qatar ya 2012. Mwezi huo Ghannouchi, mwenye miaka 82, alikuwa ameshakaa jela miezi mitatu, na tarehe 1 Februari 2024 mahakama ya Tunis ikamhukumu yeye na mkwewe Abdessalem miaka mitatu kila mmoja kwa kosa la chama chao kupokea fedha kutoka nje.